Nani Atakunywa ya Kwanza

Mwaka mzima wanaume wa baa ya Kengele Tano, mjini Bacup huko kaskazini mwa Uingereza, walimsumbua Noreen Barraclough, mwendesha baa, kwa ajili ya bia ya pipa. Baa gani hii, walisema, haina bia ya pipa? Bacup nzima imegeuka mji wa laga, maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa gesi. Aliyewaongoza kwa kelele ni Clifford Entwistle, fundi wa mabasi aliyestaafu. Aliyasema hayo kila jioni laga ikiwa mkononi, akapiga funda, akafuta mdomo, akaendelea kuilaani.

Kampuni yenye baa ilikuwa imekwisha kukata shauri. Lile bomba la mkono, lenye mpini mrefu mweusi uliosimama kaunta tangu enzi za mama yake Noreen, ling'olewe, na mahali pake pawekwe bomba jingine la laga. Noreen alibembeleza kwenye simu mpaka koo likamkauka. Mwishowe wakampa nafasi moja. Wangemletea pipa dogo katikati ya wiki, na Jumatatu jioni fundi angekuja. Akikuta pipa limekwisha, bomba libaki na pipa jingine lije kila wiki. Akikuta bado lina bia, ang'oe.

Si kwamba Noreen alitafuta faida. Laga ilimpa faida bila jasho. Unafungua, inatoka, hata paka angeiuza kama angefika kaunta. Bia ya pipa inataka mtu. Mama yake alimfundisha tangu usichana wake: unalilaza pipa katika ghala la chini ya baa, penye baridi, unapigilia kijiti cha mti laini ili lipumue, unanusa, unasikiliza, unangoja hamira ituame. Ikiwa tayari inabidi inywewe upesi, maana ikishaonja hewa ina siku tatu tu, kisha inachacha. Hiyo ndiyo kazi pekee ya baa aliyoijua kuliko mtu yeyote, na alikuwa na hamu nayo. Chini kule alikuwa bingwa. Huku juu alikuwa mfuta meza tu.

Ijumaa mchana bia ilikuwa tayari. Alionja, akafumba macho, akaona fahari. Akapanda ngazi, akafungua mlango, na wa kwanza kuingia akawa Clifford mwenyewe.

"Haya, mzee, imefika," akasema Noreen, mkono tayari kwenye mpini. "Nikuvutie?"

Clifford aliutazama mpini kwa mapenzi. Hata aliupapasa. "Imependeza, mama. Imependeza kweli. Nani keshakunywa?"

"Bado mtu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Ahaa." Akajikuna sikio. "Basi nipe laga kidogo, nisubiri wenzangu."

Hapo ndipo Noreen alipokumbuka. Kengele Tano hakuna anayekunywa ya kwanza. Ya kwanza, kwao, ni ile iliyolala usiku kucha ndani ya mpira unaopandisha bia kutoka kwenye pipa, na mtu mwenye akili zake huiacha impate mwingine. Tena walikuwa na sababu. Aliyeshika baa hiyo baada ya mama yake, kabla ya Noreen kurudi kuichukua, alikuwa na tabia ya kukusanya mabaki ya glasi na kuyarudisha ndani ya pipa. Clifford aliwahi kunywa moja ya hizo, na arusi ya binti yake aliisikilizia chooni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kutokana na bia mbaya watu wakaacha kunywa, walipoacha kunywa bia ikakaa, ilipokaa ikachacha, ilipochacha wakasema, si tulisema?

Akaingia Les, mwezeka mapaa, na vumbi lake la vigae. "Imekuja?" akauliza kwa furaha. "Clifford kanywa?"

"Hajanywa," akasema Noreen.

"Clifford mwenyewe hajanywa, halafu mimi ninywe? Nimekukosea nini? Nipe laga."

Noreen akavuta glasi nzima mbele ya macho yao, akaimwaga kwenye sinki. "Haya, iliyolala kwenye mpira imekwenda zake. Inayofuata ni mbichi kabisa. Les?"

"Mbona umeimwaga?" akauliza Les.

"Nimeimwaga kwa sababu hamtaki ya kwanza!"

"Mtu hamwagi bia nzuri," Les akamwambia Clifford kwa sauti ya chini. Clifford akatikisa kichwa kwa huzuni.

Akavuta nyingine, akainywa mwenyewe, yote, amesimama, akawaonyesha glasi tupu. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo nyuso zao zilivyosema. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Noreen hakuwa amesifiwa na mtu tangu achukue baa hiyo, kwa hiyo hata nafasi ya kutia maji hakuipata.

Kufika jioni alikuwa anaigawa bure.

"Bure?" Les akaisogeza glasi kwa kidole kimoja. "Lini wewe umetupa kitu bure? Juzi umenitoza pakiti ya krispi za viazi iliyokuwa imefunguliwa."

"Uliifungua wewe!"

"Ndiyo, lakini ulinitoza."

Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Walikuja wengi kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Kengele Tano ina bia ya pipa. Walisimama mbele ya lile bomba kama watu waliokwenda kumtazama mtoto mchanga, wakalisifu, wakampongeza Noreen, mmoja akalipiga picha. Kisha kila mmoja akauliza nani keshakunywa, akaambiwa, akaagiza laga. Na kwa kuwa mmoja akinunua huwanunulia wenzake wote waliosimama naye, laga ya mmoja ilikuwa laga ya sita.

Jumapili, baada ya pai za mchana, Clifford alikuja na sababu mpya. "Sasa tumechelewa, mama. Pipa limefunguliwa tangu Ijumaa. Hiyo si machicha tupu sasa?"

Noreen akaweka kitambaa chini. "Mzee Clifford, nisikilize. Ya kwanza hunywi, ni ya mpira. Ya mwisho hunywi, ni ya machicha. Sasa za katikati zitafikiwaje? Nizipandishie ngazi?"

"Usinipandishie sauti. Mimi ndiye niliyekupigania bia hii."

"Kunipigania ni kuinywa! Kesho wanakuja kuling'oa hili bomba, unaelewa? Wanaling'oa! Mama yangu kalivuta hili miaka na miaka, nyinyi mlikuwa mnapanga foleni mpaka nje, na sasa mnasimama hapa kulipapasa tu. Mnanitia wazimu. Wallahi mnanitia wazimu."

Clifford alionekana kuumia kweli, na Noreen aliona aibu kwa kumfokea mtu mzima, kisha akakasirika zaidi kwa sababu aliona aibu. Mzee akamaliza laga yake polepole. "Kuling'oa?" akasema. "Hawathubutu. Tutakuja wote."

Kweli walikuja. Jumatatu ni siku ya mchezo wa kurusha vishale ubaoni, na kufika saa kumi na moja jioni chumba kilijaa. Fundi wa kampuni, kijana mnene aitwaye Gavin, alipoingia na mkoba wake wa zana, Clifford alikwisha kujipanga mbele ya bomba na kuushika mpini.

"Mnaua urithi wetu!" akapaza sauti. "Baba zetu walikunywa hapa!"

"Aibu!" wakaitikia wenzake, glasi za laga juu.

Gavin akawatazama, akazitazama glasi, akamtazama Noreen. Noreen alikuwa ameshuka chini asubuhi, akaonja. Bia ilikuwa bado nzuri, siku yake ya mwisho, imeiva pasi na kifani, na pipa bado karibu limejaa. Afadhali ingekuwa imechacha. Angelia mara moja akapumzika.

"Mzee, nipishe kidogo," akasema Gavin kwa upole. "Nisipoitoa iliyomo kwenye mpira, itanimwagikia viatuni."

Akavuta. Bia ikapanda, nyekundu ya chai ya rangi, na povu dogo juu. Aliinua glasi akaitazama kwenye taa. Akanusa. Kisha, bila kumwuliza mtu, akainywa yote kwa pumzi mbili.

Hakuna aliyesogea. Hata kishale kilichokuwa kinataka kurushwa kilibaki mkononi.

"Ikoje?" akauliza Les.

"Jamani," akasema Gavin, akafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja. "Nani anaitunza hii? Wewe, mama? Nazunguka baa za bonde hili lote, sijakuta bia kama hii. Niongeze."

Clifford akaliachia bomba. "Umesikia? Imeshanywewa," akatangaza. "Noreen, nipe moja."

"Na mimi!"

"Sita hapa, mama! Sita!"

Ikawa kazi. Noreen alivuta mpaka bega likawaka moto, na kwa saa mbili hakuna aliyetaja laga. Walikunywa, wakafumba macho, wakapigana mabega. Clifford alitokwa machozi, akasema hivi ndivyo bia ilivyokuwa siku alipooa. Gavin alikaa kwenye kiti kirefu, spana juu ya kaunta, akala ngozi ya nguruwe ya kukaanga na kucheka nao. Noreen naye alicheka. Alikuwa hajacheka hivyo katika chumba hicho kwa muda mrefu, na alipovuta mpini mara ya mwisho ukatoa upepo mtupu, alitamani mama yake angekuwepo.

"Pipa limekwisha," akasema Gavin. "Basi mimi sina kazi hapa. Nikiwapigia simu kampuni wataleta jingine, Ijumaa litakuwa tayari. Ila mama, mimi naangalia pipa la wiki ijayo pia. Likikaa, narudi."

Wakapiga makofi. Noreen akangoja yaishe. Alikuwa anawapenda wakati huo, na ndiyo maana aliuliza.

"Ijumaa nikifungua, nani atakunywa ya kwanza?"

Wakatazamana. Les akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mtu mmoja akasema Ijumaa yeye ana miadi ya daktari wa meno.

"Gavin," Les akauliza, "Ijumaa wewe unapita huku?"

"Ijumaa nina kazi Burnley."

Noreen akamgeukia Clifford. Mzee alikuwa bado na povu mdomoni. Alifikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kuwa mkweli mbele ya rafiki.

"Nitakunywa ya pili, Noreen," akasema. "Nakuapia. Ya pili ni yangu."

Noreen aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu, uchovu wa kumbembeleza mtu ale chakula alichokililia mwenyewe. Akaichukua spana kaunta, akampa Gavin.

"Ng'oa," akasema.

"Mama, si nimesema—"

"Ng'oa, mwanangu."

Wiki ile ile bomba jipya la laga lilisimama pale pale. Siku ya Ijumaa mgeni mmoja alipita, akauliza kama hawana bia ya pipa.

"Zamani tulikuwa nayo," Clifford akamjibu. "Nzuri ajabu. Wale wa kampuni wametuulia."

Noreen alimsikia vizuri. "Laga, mzee?" akauliza.

"Laga, mama."