Léonie Amemaliza Kitabu

Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kisha kufagia kanisa na kupanga viti kwa ibada ya kesho yake, siye wamama wachache wa Nyakasanza, hapa Bunia, tunabaki kwenye baraza, na kila moja anasema iko anasoma nini. Si Bibilia. Bibilia tunaisoma sote, hakuna wa kujisifu nayo. Tunasema habari za roman, vile vitabu vya hadithi ndefu: vya mapendo, vya wauaji, vya watoto waliokwenda Ulaya wakasahau mama zao.

Aliyeanzisha desturi ile ni Mama Kavira, muuza vitenge, mutu wa Butembo aliyehamia hapa na watoto wake. Sheria zake tunazijua kama sala. Unasimulia mpaka pale umefika. Mwisho wa kitabu hausemwi, hata wakikubembeleza. Na ukimaliza, unamupatia kitabu yule aliyekiomba wa kwanza mbele ya wote, hata kama kimetoka nyumbani kwako.

Siku ile Falone ndiye alianza. Ameolewa mwaka huu, angali na haya za bibi-arusi.

"Bamama, ule docteur amemubusu!"

"Ukurasa gani?" Mama Kavira akauliza.

"Quatre-vingts."

"Kurasa themanini juu ya kubusu moja? Bwana yako naye alikawia vile?"

Tulicheka mpaka mulinzi wa kanisa akachungulia. Falone akaficha uso katika kitenge.

Ikafika zamu ya Léonie. Léonie ni wifi yangu, dada ya marehemu bwana yangu. Anakaanga mandazi sokoni, na sauti yake imezoea kuita watu kutoka mbali.

"Yangu mimi ni ya shofere," akasema. "Anaitwa Ézéchiel. Iko na kamyo pamoja na rafiki yake Jérôme, banabeba maharagi ya Mahagi. Asubui moja banakuta Jérôme amekufa mu kabini, povu kwenye kinywa. Njo balimukamata Ézéchiel. Yeye analia tu, anasema si yeye."

"Ni yeye!" Falone akapiga kelele.

"Si yeye," Mama Kavira akasema. "Mwenye kuua hapana lia vile."

Mimi nilikuwa na kipande cha ndizi kinywani. Nikakitema katika kiganja.

Kitabu kile kilikuwa chetu. Josaphat, bwana yangu, alikuwa mwalimu. Alikinunua Mahagi kwa mutu aliyetandika vitabu chini karibu na maegesho ya makamyo, akarudi nacho ndani ya koti kama mutu ameiba kuku. Alinisomea jioni nikichambua mboga za lenga-lenga. Mimi nilisoma shule ya musingi tu, lakini ugonjwa ulipomukamata na herufi zikaanza kumuchezea machoni, nikakichukua mimi, kidole chini ya mustari, nikamusomea yeye.

Tulibishana juu ya Ézéchiel kila siku. Josaphat alisema ni yeye ameua. Mimi nilisema si yeye.

"Weye unaamini kila mutu mwenye kulia," alikuwa ananitania.

"Na weye unahukumu kama vile ni wanafunzi wako."

Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atateka maji juma nzima. Nilimuona mbele ya macho, mwalimu mwenye tai, bidon ya maji kichwani, wanafunzi wake nyuma wakihesabu matone. Alicheka mpaka kikohozi kikamushika. Tulifika katikati ya kitabu, pale Ézéchiel anaingizwa mbele ya mahakimu. Tukakifunga ili apumuzike. Hatukukifungua tena.

Siku ya kuondoa matanga yake watu wa kwao walikuja na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Léonie alisimama kati ya waombolezaji akasema mimi niulizwe vizuri nilitia nini katika buyi, ule uji wa ndugu yake. Pasta akamunyamazisha. Lakini neno likikwisha kutoka, pasta hawezi kulirudisha kinywani. Wakachukua kitanda, redio, na sanduku la vitabu. Niliachilia. Kitanda ni kitanda, mimi na mutoto wangu Plamedi tulilala chini na Mungu alituamsha. Kitabu kile tu ndicho kiliniuma. Nilitaka kujua kati yetu wawili ni nani alipaswa kuteka maji. Mwenye kusikia ataona ni upumbavu. Lakini kati yangu na Josaphat mambo yote yalikwisha kufungwa na kuzikwa, isipokuwa lile.

Basi siku ile nikasema mbele ya wote, "Wifi, ukimaliza, mimi njo naomba."

Léonie akanitazama kidogo. "Nikimaliza."

"Tumesikia," Mama Kavira akasema. "Mama Plamedi ni wa kwanza."

Katikati ya juma nikapita sokoni, mbele ya meza yake. Kumusalimia bila kununua ingekuwa matata, basi nikaomba mandazi mawili. Akayafunga katika karatasi, akanipa. Nilipofika kwenye wauza samaki nikaikunjua. Ilikuwa ukurasa wa kitabu. Pembeni, chini ya mafuta, kulikuwa alama ya kalamu ya Josaphat. Aliweka alama kila mahali tulipoishia.

Nikarudi. Juu ya meza, chini ya jiwe, kulikuwa fungu la kurasa, na karibu nalo kitabu chenyewe, ganda lake limelegea kama tumbo la mwenye njaa. Alikuwa anasoma, anapasula, anafungia.

"Wifi, unapasula kitabu?"

"Yenye nimekwisha kusoma. Nitairudilia ya nini?"

"Nilikiomba mbele ya bamama."

"Ao weye njo ulikiandika?" Akageukia wanunuzi. "Mumusikie! Kitabu ya ndugu yangu, wa tumbo moja na mimi, anakuja kuniomba hesabu!"

Watu wakacheka. Nikashusha sauti. Nikamwambia anipe ile sehemu haijapasuliwa, mimi nitamuletea karatasi za mifuko ya simenti, nyingi, safi, zinavumilia mafuta kuliko za kitabu.

"Na mwisho, nitaujulia wapi?" akasema. "Mimi pia nasoma. Ao unafikiri ni weye peke yako, juu uliolewa na mwalimu, njo unajua kusoma?"

Katika hilo hakusema uongo. Alikuwa na haki ya kujua mwisho kama mimi. Nikaenda kwa Mama Kavira. Alikuwa anapima kitenge kwa mukono, hakusimama.

"Usigombane sokoni," akasema. "Watasema ni bamama ya kanisa. Ngoja siku ya posho, nitamusemesha mbele ya wote."

Nikangoja. Niliomba sana juma lile. Niliomba hata kwa ajili ya Léonie, na haikuwa kwa midomo tu.

Siku ya posho Léonie akafika mikono mitupu.

"Nimemaliza," akasema akikaa. "Bamama, tamu! Tamu kabisa!"

"Kitabu kiko wapi?" Mama Kavira akauliza.

"Mu matumbo ya bantu ya Nyakasanza."

Falone akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Léonie, sheria ni sheria."

"Sheria inasema nimupatie kitabu. Kitabu haiko tena. Mutanipiga? Basi, nimusimulie mwisho, tumalizane."

Mwisho hausemwi, lakini Mama Kavira naye alikuwa na hamu, niliona vile alivuta kiti. Akaniangalia. Nikakubali kwa kichwa. Afadhali kuusikia kutoka kinywa kile kuliko kuukosa kabisa.

"Si Ézéchiel," Léonie akasema.

Kwa kitambo kidogo nilimuona Josaphat na bidon yake njiani, tai imelowa. Moyo ulinicheka. Kumbe Léonie alikuwa angali anasema.

"Ni muke ya Jérôme. Njo alimutilia sumu mu buyi. Kwenye matanga alilia kuliko bote, na bantu ya kanisa bakamuamini."

Hakumuangalia Falone, hakumuangalia Mama Kavira. Aliniangalia mimi.

"Jérôme hakuwa na muke," nikasema. "Nilisoma na macho yangu. Alikuwa anaishi kwa dada yake."

"Anatokea mu sehemu ya pili. Alikuwa anamuficha."

"Ukurasa gani?"

"Uulize bale banakula mandazi."

Hakuna aliyecheka. Falone alitazama miguu yake. Nikafungua saki yangu, nikatoa Bibilia, nikaiweka juu ya benchi kati yetu. Nimeona wanaume wakubwa, wauza ng'ombe wenye maneno mengi, wakirudisha mali ya watu kwa kuonyeshwa Bibilia tu. Na Léonie namujua. Nimeimba naye koro miaka mingi, radi ikipiga anaingia chini ya meza akiita jina la Yesu.

"Wifi, weka mukono," nikasema. "Sema mbele ya Mungu kama ni vile imeandikwa."

Niliamini hataweza.

Léonie akapangusa mukono wake katika kitenge, polepole, kidole kwa kidole. Akauweka juu ya Bibilia.

"Mbele ya Mungu," akasema, "ni vile imeandikwa."

Sauti haikutetemeka. Nje mutu alikuwa anapita na pikipiki, tukangoja kelele yake iishe kama vile ndiyo itatujibu.

Hapo nikaona kazi ya mikono yangu. Kabla ya hapo, lilikuwa neno la Léonie tu, na kinywa cha Léonie watu wote wanakijua. Sasa ni kiapo, na mwenye kuleta Bibilia ni mimi. Nikisema ameapa uongo, nitakuwa ninachezea Kitabu nilichokitoa mwenyewe. Nikinyamaza, nimekubali. Na labda hakuapa uongo. Labda Jérôme alikuwa na muke kweli, katika zile kurasa sikufika. Nani ataniambia? Zimelowa mafuta, zimetupwa katika mifereji ya Bunia yote.

"Kama ameapa, ameapa," Mama Kavira akasema, bila kuniangalia. Ni yeye ambaye siku zote alinitetea. Falone akavuta saki yake karibu na miguu yake, upande usio wangu.

Mama Kavira akakohoa. "Falone, endelea weye. Docteur amefika wapi?"

Falone akaanza, sauti chini. Docteur ameandikia wazazi wa musichana, wazazi wamekataa, musichana hali chakula. Nikarudisha Bibilia katika saki. Nilikaa nikasikiliza mpaka akafika mwisho wa ukurasa wake, sababu kama ningesimama kabla hajamaliza, wangesema mwenye kosa ndiye anakimbia.