Simu Juu ya Kitambaa cha Vifungo

Jioni moja, baada ya kuosha kikombe chake kimoja, mwalimu mstaafu wa hesabu alimaliza kushona vifungo vyeusi na vyeupe kwenye kitambaa cha meza. Alivipanga kwa ustadi: safu mbili zozote ukizilinganisha, zinafanana nusu na kutofautiana nusu. Kutokana na jedwali hilo alitunga msimbo wa kusahihisha makosa. Ujumbe ukiharibika njiani, unafika mzima.

"Mwalimu, hilo shati la jini?" aliuliza jirani yake, fundi cherehani aliyempa vifungo.

"La simu. Laini inakwaruza, mwanangu simsikii vizuri. Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Askari wangu wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, mkubwa hawana."

Fundi alikuna kichwa. "Chukua mji."

"Msimbo wangu. Maneno yake ndiyo yanayolindwa, na ndiyo walinzi."

"Ungesema mapema, ningekupa na zipu."

Fundi alipoondoka, mwalimu aliweka simu katikati ya vifungo. Mwanawe akapiga, kama kila Jumatano. Mkwaruzo ulikuwa umekwisha.

"Shikamoo, Mama. Jumapili siji."

Kule upande wake kijana alikuwa amesema anakuja, kama asemavyo kila wiki tangu wamzike baba yake, na asije. Msimbo ulilihesabu hilo kuwa ni kosa la njiani, ukalirekebisha. Mwalimu hakushtuka, ndiyo kazi ya msimbo. Alitaka kumjibu kwamba asijali, wageni hapa hawakatiki. Lakini vifungo vilifanya kazi pande zote mbili, na kinywani mwake yalitoka mengine:

"Hapa haji mtu, baba. Naongea na kijiko."



"Pole, Mama," alisema kijana, na hilo halikuhitaji kusahihishwa. "Basi Jumapili siji," vifungo vikasahihisha tena.

Kesho yake, ili auvuruge msimbo, mwalimu alifumua kifungo kimoja cheupe, akashona cheusi mahali pake. Alipotoka kuanika nguo na kurudi, kilikuwa cheupe tena, kimeshonwa vizuri kuliko alivyoshona yeye. Akakipapasa, akasema, "Hongera."

Jumatano iliyofuata simu ilipolia, aliinyanyua kutoka kwenye kitambaa, akaenda nayo mlangoni, mahali laini inapokwaruza kuliko kote.

"Ma...a, Juma...li naku...a!"

"Karibu sana, mwanangu. Mimi sijambo, wageni tele."

Akarudi jikoni, akabandika chai ya mtu mmoja.