Mwanga wa Gachanja Jikoni kwa Mama

Mwaka wa 1976 Gachanja alikuja kijijini kwetu Zombe na kamera, ametumwa na kanisa atengeneze filamu kuhusu ukame. Alitaka mama mmoja aigize akipokea habari za kifo cha mwanawe. Wazee wa kanisa wakamchagua mama yangu, Kalondu.

Mara ya kwanza alimpiga picha uani, saa sita mchana. Mama alisema maneno yote sawasawa, lakini Gachanja akatikisa kichwa.

"Kwa jua hili anaonekana kama anangoja wageni."

Tukahamia jikoni. Alifunga mlango, akaacha kidirisha kimoja tu. Mimi, mwalimu mzima wa darasa la tano, nilipewa shuka nyeupe niishike, irudishe mwanga usoni mwa Mama.

"Rudi nyuma, mwalimu. Tena. Sasa iteremshe kabisa."

Nusu ya uso wa Mama ikazama gizani. Kamera ikaanza kunguruma. Mama akasema maneno ambayo hayakuandikwa popote. Alikuwa akimwita Musembi, kaka yangu, aliyekufa wakati wa njaa ya 1961. Tangu tumzike sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo.

Gachanja hakumkatiza. Mama alipomaliza alijifuta macho. "Kule nje jua lilikuwa linaniangalia," akasema. "Humu nilikuwa na mtoto wangu tu."

Lakini hakuinuka. Gachanja akafungua mlango, akaniambia nisogeze shuka hadi karibu na kidevu cha Mama. Mwanga ukapanda, ukamjaa usoni.

"Mama, moja tu ya mwisho. Tuambie vile mzee alikuja kukuposa."

Mama akasimulia jinsi mbuzi wa mahari alivyomponyoka Baba, ikabidi amkimbize shamba zima mbele ya wakwe. Alicheka mpaka leso ikamwanguka.

Filamu ilipoonyeshwa kanisani, madirisha yamezibwa kwa blanketi, watu walilia. Kicheko hakikuwemo. Nilimfuata Gachanja nje.

"Ukanda wa filamu ulikuwa umeisha kwa kamera kabla ya ile ya mwisho," akaniambia polepole. "Lakini ningemwachaje pale gizani?"

Mama aliponiuliza kicheko kilienda wapi, nilimwambia kiko kwa ile nakala iliyopelekwa Nairobi. Naye akawaambia wanawake wenzake hivyo, miaka yote, hadi alipofariki 1991.

Hakuna picha yake hata moja akicheka. Tulioona ni mimi na Gachanja: mwanga umeingia hadi kwenye mikunjo ya macho, na Mama, aliyezoea kuficha pengo lake kwa kiganja, amesahau kabisa kufunika mdomo.