Kikopo cha Shea

Mafuta yangu ya shea niliyayeyusha mwenyewe, nikayatia matone ya waridi, nikayahifadhi kwenye kikopo kizuri. Kila nikitoka kuoga najipaka usoni, chunusi zimenihama.

Juzi nilirudi kutoka sokoni Koboko nikamkuta mama mkwe, mgeni wetu kutoka Ajia, ambako shea ni mafuta ya kupikia, ameyatumia kuunga maharagwe. Karibu yote! Nilipandwa na hasira.

"Mama, hayo ni ya uso!"

"Kwani uso hauli?"

Nilikaa kula nimenuna. Maharagwe yalinukia waridi na, Mungu anisamehe, niliongeza sahani ya pili.

Tulipomaliza, mama mkwe alinawa, akakomba mabaki ya kikopo kwa kidole, akanipaka mashavuni taratibu kama mtoto mchanga.

"Sasa umeshiba," akasema.