Unga Uliobaki Getini

Jumapili alfajiri Albertine alifunga unga mweupe wa mahindi ndani ya kitambaa, akampigia baba yake viatu rangi, kisha wakatoka Katuba, mtaa wao wa Lubumbashi, kwenda kutembelea hifadhi ya wanyama. Baba yake, Mzee Katongo, alikuwa amekufa tangu Februari. Alikaa kiti cha mbele kwa sababu safari za gari zilimchefua siku zote, na kufa hakukumponya.

Tangu wamzike makaburi ya mjini, alikuwa akirudi kila jioni, saa ya kula bukari, ule ugali wa kwao, akaketi mlangoni na viatu mkononi. Majirani walimsalimia, wakampa pole kwa msiba wake. Shida yake ilikuwa moja tu: alitaka kupokewa na mama yake. Huyo alizikwa kijijini, mwaka mmoja kabla Wabelgiji hawajaleta malori na kuwahamisha watu wote ili pundamilia wapate nafasi. Katongo alikuwa na miaka saba. Na kwao mfu hajitambulishi mwenyewe kwa wazee wake: mwanawe aliye hai humwaga unga chini, akapiga makofi, akataja jina. Bila unga, mfu ni mpita njia tu.

Getini palikuwa na ubao wa historia. Mzee, aliyefanya kazi ya reli Sakania miaka thelathini, alikuwa na mazoea ya kusoma kila kibao. Huu ulisema hifadhi ilianzishwa kwenye ardhi isiyokuwa na watu. Akausoma mara mbili. Kwenye daftari la wageni, penye "Unatoka wapi", akaandika jina la kijiji chake. Mlinzi, Floribert, akalikata kwa mstari wa rula, akaandika Lubumbashi. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Babu yake mwenyewe alipanda lori lile lile. Kisha akafungua kitambaa cha Albertine.

"Mama, unga haipite. Kulisha banyama ni défendu."

Albertine akamweleza unga ule ni wa nini. Floribert alisema anajua vizuri, hata kwao humwaga, lakini kanuni haikutaja wafu. Akaufungia kabatini, akampa namba ya kuuchukulia.

Akawaendesha mwenyewe kwa gari la hifadhi, polepole. Kijiji kilikuwa pale pale, kama kila alasiri: nyumba za nyasi, moshi, pundamilia wakijikuna kwenye vizingiti. Watalii wawili waliokuwa viti vya nyuma wakapiga picha pundamilia. Mbele ya nyumba ya tatu, mama yake Mzee Katongo alikuwa akifagia. Hakuwa hata na miaka thelathini. Albertine, mjukuu wake, angeweza kumzaa.

Mzee akaweka viatu kando, akachuchumaa. Albertine akapiga makofi, akataja jina. Lakini mkono mtupu haulambwi. Yule mwanamke akamtazama mzee mwenye mvi kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, njo mimi, ni mimi Katongo."

"Katongo yangu iko muloko, mutoto wa miaka saba," akasema. "Balimupandisha mu camion. Ule njo ninangojea."

Akaomba radhi, akaendelea kufagia. Mzee alibaki amechuchumaa hadi vumbi la ufagio likamfika magotini. Albertine alisikia uchungu ambao hakuusikia hata siku ya mazishi. Saa kumi na moja Floribert akapiga honi, maana wageni wote walipaswa kutoka. Getini akamrudishia unga, haujapungua hata chembe.

Mzee aliupakata njia nzima. Nyumbani, Albertine alishindwa kuvumilia, akataka kuumwaga mlangoni, labda bibi yake angesikia. Baba akamshika mkono.

"Hapa haiko kwetu, mama. Pika bukari."

Akapika. Wakala.

Kesho yake jioni mzee akarudi, akaketi mlangoni, viatu mkononi. Albertine aliandika barua kwa mkuu wa hifadhi kuomba ruhusa ya kuingiza unga, gao moja tu la mkono. Jibu lilikuja na mhuri: kanuni ni ileile, na familia nzima inakaribishwa tena kutembelea. Ubao wa getini umepakwa rangi upya. Sasa maandishi yake yanasomeka hata ukiwa bado barabarani.