Zamu ya Maji ya Mama Balbina

Siku ya msaragambo baragumu lilipigwa kabla ukungu haujaondoka bondeni, na kila nyumba ikatoa mtu mmoja mwenye koleo kwenda kuzibua mfereji. Nyumba ya Mama Balbina Tipán ilimtoa mume wake, Segundo, aliyefariki mwaka wa maporomoko ya udongo.

Msaragambo uliotangulia Mama Balbina alikwenda mwenyewe, akarudishwa. Vikongwe wanawachelewesha wenzao, aliambiwa. Na nyumba isiyotoa mtu haipati maji. Wanawe walikuwa Guayaquil wakipakia ndizi bandarini, na uwezo wa kukodi kibarua hakuwa nao. Mahindi yake yalikuwa yameanza kujikunja majani. Kwa hiyo alipeleka maharage na kibuyu cha pombe makaburini, akangoja mumewe amalize kula, kisha akamweleza. Segundo hakupenda kuamshwa, lakini katika uhai wake hakuwahi kukosa msaragambo. Aliuliza koleo liko wapi.

Alifanya kazi vizuri. Kila alipoinama udongo ulimdondoka mabegani, naye akauzoa pamoja na matope.

"Segundo, umekonda," alisema jirani yake mzee, Taita Melchor.

"Kule tunaletewa chakula mara moja kwa mwaka. Shoka langu liko wapi?"

"Nilidhani umeshanisamehe."

"Nilikufa, Melchor. Sikukusamehe."

Watu walicheka, wakaendelea kufukua.

Don Efraín Luzuriaga, mwenyekiti wa maji, alifika amepanda farasi. Nyumba yake haikutoa mtu. Ilitoa farasi huyo, ambaye alikula majani ya ukingoni mpaka kazi ikaisha.

Jioni Don Efraín aligawa zamu. Mama Balbina hakutajwa.

"Don Efraín, na mimi?"

"Nyumba yako haikutoa mtu, mama."

"Si huyu hapa? Mtazame alivyojaa matope."

"Namwona. Kwa kazi yake sina neno. Lakini huyu makazi yake ni makaburini. Zamu yake ni ya makaburini."

"Makaburini hatulimi," alisema Segundo.

"Basi hamna haja nayo."

Zamu hiyo ilipewa malisho ya farasi. Taita Melchor alikuwa akikwangua matope kwenye koleo lake, ambalo lilikuwa safi tayari. Zamu yake ya maji ilikuwa kesho yake.

"Ila kanuni hubadilishwa," Don Efraín aliongeza kutoka juu ya tandiko. "Marehemu waonyeshe bidii, halafu tutalitazama."

Maji yalifunguliwa. Yalipita kando ya mahindi ya Mama Balbina bila kukwama popote, kwa kuwa kipande hicho alikifukua Segundo.

"Nirudi?" aliuliza.

"Kula kwanza."

Msaragambo uliofuata Segundo alikuja tena, na wajane wengine wakawaleta waume zao. Mama Rosaura, ambaye mumewe alizama mtoni asionekane tena, alimleta marehemu baba yake. Don Efraín aliwapangia sehemu ya juu, yenye miamba, kwa kuwa wafu hawachoki. Walifukua kwa bidii, nayo ilionekana. Suala lao bado linatazamwa.

Mahindi ya wajane yalikauka yote. Wazee wa bonde wanakubaliana kwamba mfereji haujawahi kuwa safi kama mwaka ule.