Askari Watulie Kwanza

Fundi wa kuchomelea alirudi kutoka kliniki akicheka peke yake, na dada yake aliyemlea akamtupia jicho kutoka kwenye cherehani. Mtu gani kapimwa juzijuzi tu akakutwa na virusi vya ukimwi, halafu anachekacheka? Akamwambia akae chini aseme.

Kumbe kapata nafasi kwenye utafiti. Daktari kamweleza kwamba maambukizi yake bado machanga, na virusi hivi hupenda kujificha ndani ya askari wa mwili waliochachamaa. Basi juu ya zile dawa za kawaida za kufubaza virusi, atapewa kidonge cha kuwatuliza hao askari kwa muda, adui akose pa kujibanza. Kama itasaidia, hakuna anayejua bado; ndiyo maana wanajaribu. Alisimulia haya hakai kitini, mikono inapaa.

Dada mtu alisikia jambo moja tu: kushusha kinga. Loo! Watu wanahangaika kupandisha, huyu anakwenda kushusha! Hakubishana naye. Alikwenda duka la dawa akanunua chupa ya dawa ya kuongeza kinga, ile kubwa, akaificha kwenye mkoba wake. Kila asubuhi akawa anamtilia kijiko kwenye chai, tangawizi ikifunika ladha. Roho yake ikatulia tuli.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Daktari aliikodolea macho kompyuta. Virusi vimeshuka, alisema, lakini askari bado wamechachamaa, na kama kidonge hakimfai itabidi amtoe kwenye utafiti. Mdogo mtu, aliyepiga soga njia nzima, akanywea. Akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna namna.

Hapo dada hakuweza kuvumilia tena. Alifungua mkoba, akaitua chupa mezani.

"Ni mimi," alisema. "Namtilia kwenye chai."

Daktari akasoma kibandiko, akashika kichwa, halafu akacheka mpaka miwani ikamtoka. Hiyo iachwe leo leo, akasema, watapima tena. Nafasi yake ipo. Mdogo mtu aliruka, akamkumbatia daktari, akamkumbatia hata muuguzi aliyekuwa anapita zake. Dada yake hakukumbatiwa.

Kesho yake asubuhi mdogo mtu alimiminiwa chai. Akaitazama, asiiguse. Dada mtu akakichukua kikombe, akapiga funda kubwa mbele yake, akakirudisha.

"Haya, kunywa," alisema. "Na kile kidonge chako cha kuwatuliza, kimeze nikikuona."